Jumbe, Maji na Pori: Vita vya Maji Maji na Mageuzi ya Mamlaka, Usalama na Maendeleo Kusini mwa Tanzania



1. Utangulizi

Historia ya Vita vya Maji Maji imekwisha kuandikwa na wanahistoria hodari. John Iliffe na marehemu G.C.K. Gwassa walitufungulia njia, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini mwaka 1968 kukusanya masimulizi ya wazee waliokuwa bado hai. Baada yao wamekuja watafiti wengine, mathalani Thaddeus Sunseri, Jamie Monson, James Giblin na Felicitas Becker, ambao wameyapitia upya mengi tuliyodhani yamekwisha. Mwanaisimu anayethubutu kusema juu ya vita hivyo hana budi kueleza anachokuja kuongeza.

Ninachokuja nacho ni maneno. Tumezoea kuuliza vita vya 1905 hadi 1907 vilisababishwa na nini, na kwa nini wananchi walishindwa. Mara chache tunauliza jinsi vita hivyo na namna vilivyozimwa vilivyoipanga upya nchi ya kusini: nani atawale kijiji, nani amlinde nani, na ardhi itumike kwa kazi gani. Mpangilio huo mpya ulidumu kuliko vita vyenyewe, na uliingia katika msamiati wetu kiasi kwamba leo tunautaja bila kujua kwamba tunataja matokeo ya vita. Nimechagua maneno matatu ya kutuongoza: jumbe, maji na pori. La kwanza linahusu mamlaka, la pili usalama, la tatu maendeleo.

Kabla ya hayo, tutazame jina la tukio lenyewe. Watawala wa Kijerumani waliliita uasi. Kitenzi kuasi, chenye asili ya Kiarabu, hubeba maana ya kuvunja utii unaostahiki. Mtu humwasi mzazi, mfalme au Mungu. Anayesema uasi amekwisha kukubali kwamba anayeasiwa ana haki ya kutiiwa. Neno vita halina sharti hilo, kwani huhitaji pande mbili tu. Wazee wa kusini walisema vita, nami nitawafuata.

2. Jumbe na akida: vyeo vilivyohamishwa

Katika miji ya Mrima, kabla ya Wajerumani, jumbe alikuwa mtu wa mji wake. Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichohaririwa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1903, kinaeleza jinsi cheo hicho kilivyopatikana kwa ukoo, kwa karamu na kwa ada ambazo wakubwa wa mji walistahili kupewa. Jumbe alivikwa kilemba mbele ya watu waliomjua na waliokula chakula chake. Akida naye alikuwa kiongozi wa vijana, aliyewaongoza vitani na ngomani. Vyeo hivi vilikuwa na heshima, lakini vilikuwa pia na mipaka, kwa sababu mwenye cheo aliishi miongoni mwa wenye kumpa cheo.

Serikali ya Kijerumani iliyachukua majina hayo na kuyapa kazi nyingine. Liwali aliwekwa katika miji ya pwani. Akida akapewa eneo lenye majumbe kadhaa chini yake. Jumbe akabaki na kijiji. Akida alikusanya kodi, alisikiliza kesi ndogo na kupeleka watu kazini. Mpango huu ulipopandishwa bara, hadi milima ya Umatumbi na nyika za Ungindo, ulikutana na jamii ambazo hazikuwa na mtawala mmoja mkuu. Wamatumbi waliishi kwa koo, na mzee wa ukoo hakuwa na amri juu ya ukoo wa jirani. Akida aliyeletwa kutoka pwani hakuwa na ukoo pale, hakuwa na kaburi la babu yake pale, na hakuhitaji kibali cha mtu yeyote pale. Jina la cheo lilikuwa la Kiswahili, lakini mkataba uliokuwa ndani ya jina hilo ulikuwa umebaki pwani.

Juu ya mpango huo ziliwekwa kodi na pamba. Kodi ya nyumba iliamriwa mwaka 1897. Kuanzia 1902 gavana Gustav Adolf von Götzen alianzisha mashamba ya pamba ya pamoja katika wilaya za pwani na za kusini, ambako watu walilazimishwa kulima kwa siku zilizopangwa, chini ya usimamizi wa jumbe na akida. Mapato yaligawanywa kati ya wakulima, jumbe na mfuko wa wilaya, na fungu lililomfikia mkulima mmoja mmoja lilikuwa dogo mno. Kilichouma zaidi ya ujira ni wakati: pamba ilidai mikono katika miezi ileile ambayo mtama na mpunga vilidai mikono. Sunseri ameongeza kwamba sheria za uwindaji na za misitu ziliwanyima wanavijiji silaha na nyavu za kuwazuia nguruwe mwitu wasile mazao. Hivyo basi, kabla ya risasi ya kwanza, serikali ilikuwa imekwisha kugusa mambo matatu kwa pamoja: nani anaamuru, nani analinda shamba, na shamba ni la nini.

3. Maji: neno lililounganisha

Mwaka 1904 huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alipandwa na pepo aliyeitwa Hongo. Neno hili lisichanganywe na hongo ya njia za misafara, yaani ada iliyotozwa wapitao, ambayo leo imekuwa rushwa. Kinjikitile aliwapa watu dawa ya maji yenye kuwakinga na risasi, na akawahubiria umoja. Habari zake zilienea kwa mnong'ono, ambao Wamatumbi waliuita njwiywila. Wajumbe waliopeleka dawa hiyo mbali nao waliitwa hongo. Jina la pepo likawa jina la cheo.

Hapa mwanaisimu ana la kuuliza. Waliopigana walikuwa Wamatumbi, Wangindo, Wazaramo, Wapogoro, Wambunga, Wamwera, Wangoni, Wapangwa, Wabena na wengine. Wachache kati yao walikuwa na Kiswahili kama lugha ya kwanza. Hata hivyo vita vyao vina jina la Kiswahili. Sababu moja ni kwamba neno maji lina ndugu katika lugha nyingi za Kibantu, na sura yake ya Kiswahili haikuwa ngeni kwa msikilizaji wa kusini. Sababu nyingine ni njia za biashara za Kilwa na Lindi, zilizokuwa zimekwisha kukipandisha Kiswahili bara muda mrefu kabla ya Wajerumani. Lugha iliyomletea mkulima amri ya akida ndiyo iliyomletea pia mwito wa kumkataa akida. Wale waliotaka kukitazama Kiswahili kama chombo cha watawala peke yao, na wale waliotaka kukitazama kama chombo cha ukombozi peke yake, wote wana nusu ya ukweli.

Maji yalikuwa pia mpango wa usalama. Aliyekunywa au kunyunyiziwa maji aliingia katika agano na watu ambao hakuwajua, wengine wakiwa maadui wa jana. Kwa jamii zisizo na mfalme mmoja, agano hilo lilifanya kazi ambayo mahali pengine hufanywa na dola: liliamua nani ni mwenzetu. Lakini agano la namna hiyo lina ukali wake. Aliyekataa maji alihesabiwa kuwa adui, na wafanyabiashara wa pwani, wamisionari na watumishi wa serikali walishambuliwa kwa sababu ya upande waliohesabiwa kuwamo.

Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa miche ya pamba, kitendo kilichokuwa tangazo la vita. Akida wa Kibata alifukuzwa, na Samanga, kituo cha biashara cha pwani, kikachomwa. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa huko Mohoro, lakini njwiywila ilikuwa imekwisha kupita. Tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss na wenzake waliuawa karibu na Liwale, na boma la Liwale likaanguka. Tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji waliliendea boma la Mahenge, wakakatwa na bunduki za mtombo. Mwanzoni mwa Septemba Wangoni waliingia vitani.

Si wote walioingia. Wahehe, ambao Mkwawa wao alikufa mwaka 1898 baada ya miaka ya kupigana na Wajerumani, hawakujiunga. Kiwanga wa bonde la Ulanga na Merere wa Usangu walisimama upande wa serikali. Hatuna haki ya kuwahukumu kwa kipimo cha taifa ambalo halikuwapo. Kila mmoja wao alipima usalama wa watu wake kwa mizani ya uhasama wa zamani na nguvu iliyokuwa mbele yake. La kuzingatia ni kwamba vita vya kijijini huwagawa majirani, na mgawanyiko huo huamua nani atapewa cheo vita vitakapokwisha.

4. Njaa kama silaha

Ilipodhihirika kwamba wapiganaji hawangekusanyika tena mbele ya mtombo, bali wangejificha na kuvizia, jeshi la Kijerumani lilibadili mbinu. Nahodha Wangenheim alimshauri gavana kwamba njaa na dhiki pekee ndizo zingeleta utii wa mwisho. Ushauri huo ulitekelezwa. Vijiji vilichomwa, maghala yakatwaliwa au kuteketezwa, mashamba yakafyekwa, na watu wakazuiwa kupanda hadi waliosakwa watolewe.

Upande wa serikali walikufa Wazungu 15 na Waafrika 389, askari na wasaidizi wao. Upande wa wananchi, hesabu ya Kijerumani ilitaja watu 75,000. Gwassa alikadiria kuwa kati ya 250,000 na 300,000 walikufa, wengi wao kwa njaa na maradhi yaliyoifuata. Uwiano huo unatosha kutuonyesha kwamba sehemu kubwa ya vita hivi haikupiganwa kwa bunduki. Ilipiganwa ghalani. Aliyeshindwa hapo kwanza alikuwa mwanamke mwenye watoto, wala si mpiganaji aliyekunywa maji.

Njaa iligeuza maana ya usalama. Kabla ya vita mtu alilindwa na ukoo wake, na ghala la mjomba lilikuwa bima yake. Ghala lilipokwisha, ukoo haukuwa na cha kumlinda nacho. Waliosalia walikwenda palipokuwa na chakula: kwenye boma, kwenye misheni, kwa jumbe aliyekuwa rafiki wa serikali, au pwani kwa tajiri. Anayekupa unga wakati wa njaa ana haki juu yako ambayo bunduki haiwezi kuitoa. Kwa maoni yangu, hapa ndipo utawala wa kikoloni ulipopata mizizi kusini. Ushindi wa Mahenge uliwatisha watu. Njaa ya miaka iliyofuata ndiyo iliyowafanya wategemezi.

5. Mamlaka baada ya vita

Tarehe 27 Februari 1906 zaidi ya watu 60 walinyongwa mjini Songea, miongoni mwao Nkosi Mputa Gama. Mkomanile, mwanamke aliyekuwa na mamlaka huko Kitanda, anakumbukwa katika orodha hiyo. Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, naye alinyongwa. Chabruma wa Mshope alikimbilia ng'ambo ya Ruvuma akafia huko. Kizazi kizima cha viongozi kiliondolewa kwa miezi michache, na pamoja nacho maarifa ya kusuluhisha ardhi, ndoa na uchawi ambayo hayakuwa yameandikwa popote.

Gavana mpya, Albrecht von Rechenberg, aliyeanza kazi mwaka 1906, na waziri wa makoloni Bernhard Dernburg, aliyezuru nchi mwaka 1907, walikubali kwamba mashamba ya pamoja ya kulazimishwa yalikuwa yameshindwa. Mkazo ukahamia kwa mkulima anayelima na kuuza mwenyewe. Tukiri basi kwamba walioshindwa vitani walishinda jambo moja: pamba ya shuruti ya aina ile haikurudi chini ya Wajerumani. Lakini muundo wa amri haukulegea. Jumbe alibaki, akida akabaki, na waliopanda cheo walikuwa aghalabu wale walioaminiwa na boma.

Wakati huohuo utawala ulizidi kuandikwa kwa Kiswahili. Kufikia 1914 ofisi za Kijerumani ziliweza kuandikiana na maakida na majumbe wengi kwa lugha hiyo, jambo ambalo Waingereza waliokuja baadaye walilistaajabia. Kijana aliyejua kusoma barua ya boma alimpita mzee aliyejua mipaka ya mashamba. Misheni za Wabenedikto, Peramiho ikiwa mojawapo, zilijengwa upya na kuwapokea Wangoni wengi, wakiwamo wa koo za watawala. Kusini-mashariki Uislamu ulienea vijijini. Dini zote mbili zilitoa kile ambacho maji yalikuwa yameahidi, yaani udugu unaovuka ukoo, na zote mbili zilikitumia Kiswahili.

Waingereza walipoleta utawala wa kupitia wenyeji katika miaka ya 1920, waliwarudisha watawala wa Kingoni katika Mshope na Njelu. Lakini katika sehemu kadhaa za kusini-mashariki na pwani hawakupata mtawala wa kumrudisha, na ngazi ya liwali, akida na jumbe ikaendelea. Serikali ya Tanganyika huru ilipofuta utawala wa machifu mwaka 1963, sehemu nyingine za nchi ziliaga enzi za kale. Umatumbi na Ungindo viliaga kitu kingine kabisa: cheo cha Mrima kilichopandishwa mlimani na Wajerumani, ambacho wengi wakati huo walikwisha kukidhania kuwa cha mababu.

6. Pori: ardhi iliyosahauliwa kuwa shamba

Neno la tatu ndilo linalonigusa zaidi. Kamusi zetu hueleza pori kuwa mahali pasipolimwa wala kukaliwa na watu, penye miti na wanyama. Maelezo hayo ni sahihi kwa leo, lakini yanaficha swali la tangu lini.

Hifadhi ya kwanza ya wanyama katika eneo la Rufiji ilitangazwa mwaka 1896. Baada ya vita na njaa, sehemu za Ungindo na jirani zake zilibaki na watu wachache. Shamba lisipolimwa huota vichaka. Vichaka huleta mbung'o. Mbung'o huleta malale na kuzuia mifugo. Na tembo huingia pasipo mtu wa kumfukuza. Mwaka 1922 Waingereza waliipa hifadhi jina la Frederick Selous, aliyeuawa vitani huko Beho Beho mwaka 1917. Katika miaka ya 1940 watu wa Liwale waliobaki ndani ya eneo hilo walihamishwa kwa hoja ya kudhibiti malale, na hifadhi ikapanuliwa. Mwaka 1982 iliingizwa katika Urithi wa Dunia, na mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Kwa lugha ya sheria zetu eneo la namna hii huitwa pori la akiba. Wenyeji wana jina jingine: Shamba la Bibi. Husimuliwa kwamba mfalme wa Wajerumani alimzawadia mkewe eneo hilo. Simulizi hiyo si lazima iwe na hati. Kilicho muhimu ni kwamba wenyeji walichagua neno shamba. Sheria inasema pori, yaani ardhi isiyo na mtu; wenyeji wanasema shamba, yaani ardhi yenye mwenyewe, ingawa mwenyewe amebadilika. Katika majina hayo mawili kuna madai mawili ya historia.

Dhana ya ardhi tupu ilizaa mipango. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 ulifika Nachingwea kwa sababu, pamoja na nyingine, ilionekana kuwa na watu wachache. Bandari ya Mtwara na reli vilijengwa kwa ajili yake. Karanga zikashindwa, na reli ikafungwa mwaka 1963. Wangoni nao walikwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, wakawa manamba, neno linalomtaja mtu kwa nambari aliyopewa. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, karibu miaka 100 baada ya vita.

Sidai kwamba umaskini wote wa kusini ulizaliwa mwaka 1905. Kuna biashara ya watumwa ya kabla ya hapo, vita vya 1914 hadi 1918 vilivyorudia kuipora ardhi hiyohiyo, na maamuzi ya serikali zilizofuata. Ninachodai ni kwamba yeyote anayesema kusini ilikuwa pori tangu asili, au kwamba watu wake wana hulka ya kutoendelea, anakosea kwa kulisoma neno bila tarehe yake.

7. Hitimisho

Kumbukumbu ya vita hivi imepitia mikono mingi. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi aliitungia utenzi, uliochapishwa mwaka 1933 na tena mwaka 1957 kwa tafsiri ya W.H. Whiteley. Mwalimu Nyerere aliitaja mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956. Ebrahim Hussein aliitungia tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea akaomba radhi, na kuahidi kusaidia kutafuta mabaki ya Songea Mbano. Hayo yote ni ya heshima. Lakini kumbukumbu ya kitaifa hupenda umoja na ushujaa, na huacha ghala lililochomwa na kijiji kilichogeuka kichaka.

Vita vya kijijini haviishi siku ya kunyongwa kwa viongozi. Huendelea katika swali la nani sasa anaitwa mkubwa, nani ana chakula cha kumlinda jirani, na ni ardhi gani itakayoitwa tupu. Kwa wanafunzi walioko hapa nina ombi. Majina ya mito, vilima na mahame yaliyomo ndani ya Shamba la Bibi bado yanajulikana kwa baadhi ya wazee wa Liwale, Kilwa na Rufiji, katika Kingindo, Kimatumbi na Kindengereko. Kila jina la hame ni ushahidi kwamba pori lilikuwa kijiji. Lugha hizo zina wazungumzaji wanaozidi kupungua, na jina lisiloandikwa hufa pamoja na mwenye kulijua. Nendeni mkayaandike.